Tairi pana, gari jepesi: kutoka Safari Rally hadi banda la pancha Nanyala

Nilikuwa Nyanda za Juu Kusini kikazi, na habari iliyonipeleka huko mtaisoma gazetini. Hapa naleta ile ambayo najua mhariri wangu hanipi nafasi hata nikilia.

Basi letu la kwenda Tunduma lilisimama Nanyala kwa sababu malori yalikuwa yamefunga njia mbele. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Nikashuka kunyoosha miguu, na kwenye banda la fundi pancha nikakuta kitu ambacho sikutegemea kukikuta kwenye barabara ya malori: Mazda Eunos Roadster, kagari ka watu wawili ka miaka ya mwanzo ya 90, kekundu, kamekalishwa chini kiasi kwamba ukiweka kopo la soda barabarani itabidi kapite pembeni. Rimu inchi 17. Tairi la nyuma kushoto limepasuka upande wa ndani, nyuzi nje. Upande wa nje lina mikwaruzo ya madigadi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Njoo uongee na mwenzako huyu. Anataka nizibe pancha, wakati tairi linaliwa na gari lenyewe."

Mwenye gari, kijana wa rika langu, alicheka kwa shida. Akaniambia amebadilisha rimu ili gari "likamate barabara". Hilo ndilo lililonifanya nifungue daftari. Maana sentensi hiyo naisikia kila kijiwe cha vijana wa magari, tangu enzi za Mark II baluni, na hakuna anayeuliza: likamate barabara ipi?

Swali hilo katika Afrika Mashariki lina historia ndefu, na nzuri kuliko tunavyodhani. Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yaligawanywa kwa bei ya dukani, na yalitakiwa yawe ya kawaida kabisa, kama yalivyouzwa. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari, na 1974 yakawa Safari Rally. Tangu mwanzo mshindani mkubwa alikuwa ni tope, kuliko hata dereva mwenzako.

Mwaka 1962 ilishinda Volkswagen ile ya mgongo wa kobe. Tairi zake zilikuwa za inchi 5.6 kwa upana, yaani milimita 142 hivi, kwenye rimu ya inchi 15. Ndefu na nyembamba, karibu na tairi la pikipiki kubwa kuliko la hizi Altezza zetu. Mwaka uliofuata, 1963, yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili alishinda mtu mmoja, Nick Nowicki, na gari lilelile, Peugeot 404, gari la baba wa familia. Katikati hapo, 1966 na 1967, Peugeot 404 ilishinda mikononi mwa Bert Shankland wa hapa hapa Tanzania (ndiyo, tulikuwa na bingwa wetu, na watoto wa shule hawafundishwi).

Sasa angalia hoja. Kwenye tope, tairi jembamba linakata. Uzito wa gari unakusanyika mahali padogo, tairi linazama hadi linapokutana na udongo mgumu chini, kashata zinapata pa kushika. Tairi pana kwenye gari jepesi linaelea juu ya uji. Linazunguka, linajisafisha, gari haliendi. Hadi leo kwenye mashindano ya dunia tairi za theluji za Sweden, zenye misumari, ni nyembamba, na rimu za vumbi ni za inchi 15. Zile za inchi 18 zinatoka siku za lami. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, sheria hiyo ya tope na vumbi haikuwa imebadilika.

Halafu zikaja gari za michezo. Datsun 240Z ilikuwa gari jepesi, tani moja na kidogo tu, injini ya silinda 6 ya lita 2.4, pua ndefu, nyuma fupi. Kutoka kiwandani ilikuja na rimu za upana wa inchi nne na nusu na tairi za milimita 175. Leo ukimwonyesha kijana wa mjini rimu ya inchi nne na nusu atakuuliza kama ni ya bajaji. Lakini 240Z ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza na ya pili mwaka 1971: Edgar Herrmann mbele, Shekhar Mehta nyuma yake. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe, baada ya kulingana pointi na Harry Källström ambaye naye alikuwa kwenye Datsun. Mehta alizaliwa Uganda, na familia yake iliondoka wakati Idi Amin alipofukuza Waasia mwaka 1972. Kwa hiyo yule aliyekuja kushinda Safari mara tano (1973, kisha 1979 hadi 1982 mfululizo) alishinda ile ya kwanza mwaka mmoja tu baada ya kupoteza nchi. Hapo nimetoka nje ya mada kidogo, lakini siwezi kupita bila kusema.

Mwaka huohuo 1973 Porsche walikuwa wanauza 911 Carrera RS ya lita 2.7. Hii ndiyo babu wa kile ambacho kijana wa Nanyala alikuwa anatafuta: walichukua gari la michezo, wakalipunguza uzito hadi chini ya tani moja, wakapanua madigadi ya nyuma, wakaweka rimu za inchi 6 mbele na inchi 7 nyuma, tairi 185 mbele na 215 nyuma. Kwa lami ya Ulaya, kitu bomba. Mwaka 1974 Björn Waldegård akaileta Carrera RS kwenye Safari, mwaka wa mvua kubwa. Akawa wa pili. Wa kwanza alikuwa Joginder Singh, fundi wa Kenya, ndani ya Mitsubishi Lancer 1600 GSR. Mwaka 1975 Lancia wakaja na Stratos, gari lililobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya mashindano tu. Wakapata nafasi ya pili na ya tatu, nyuma ya Peugeot 504. Porsche 911 wala Stratos hazikuwahi kushinda Safari ile ya ubingwa wa dunia. Sisemi ni kwa sababu ya upana wa tairi peke yake, maana yapo ya springi, mawe na bahati. Ila mzungu alichelewa sana kujifunza kwamba gari lake zuri lilikuwa limejengwa kwa ajili ya barabara nyingine.

Haya, turudi Nanyala, kwa sababu barabara inayopita pale nayo ina historia ya tope. Smith wa Rhodesia alipojitangazia uhuru Novemba 11, 1965, Zambia ilikosa njia ya mafuta kutoka kusini. Malori yakaanza kubeba mapipa ya petroli kutoka Dar es Salaam kupitia Mbeya na Tunduma kwa barabara ya udongo, na kurudi na shaba. Madereva waliiita barabara ya jehanamu. Bomba la TAZAMA lilikamilika 1968, lami ikaja mwanzoni mwa miaka ya 70, TAZARA ikaanza kazi rasmi 1976. Bila lami hiyo kijana asingefika Nanyala na Roadster.

Lakini lami yetu ya malori si lami ya Ulaya. Magurudumu ya malori yanaibonyeza, inafanya mifereji miwili kila upande. Tairi jembamba linapita ndani ya mfereji au juu ya ukingo bila maneno mengi. Tairi pana lenye ukuta mfupi linavutwa na kingo, stelingi inakokota kushoto, kulia, unabaki kushindana nayo. Mvua ikinyesha, mifereji ile inakuwa mito midogo.

Hapa ndipo nikamwomba kijana tufanye hesabu. Roadster ina kilo kama 940. Kila tairi linabeba kama 235 kabla hujapanda. Kwa upepo wa psi 26, sehemu inayogusa lami ni takribani sentimita za mraba 130, kama kiganja cha mtu mzima. Ukiweka tairi pana na kuacha upepo uleule, kiganja hakikui sana. Kinageuka umbo: kinakuwa kipana kushoto-kulia, kifupi mbele-nyuma. Kwenye kona ya lami kavu hiyo ni faida ya kweli, sibishi. Kwenye maji ni hasara, kwa sababu maji yana safari ndefu zaidi ya kutoka chini ya tairi, na gari jepesi halina uzito wa kuyasukuma.

Mwaka 1963 watafiti wa NASA, Horne na Dreher, walitoa kanuni ya spidi ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji mengi. Walikuwa wanafikiria ndege, lakini mafundi wa magari wameitumia tangu hapo. Kwa psi 25 inatoa kama kilomita 83 kwa saa. Kijana aliniambia anapunguza upepo ili gari "lisirukeruke". Nikanyamaza kidogo. Mteremko wa Senjele hauko mbali na pale, na wasomaji wa magazeti mnajua jina hilo linavyoingia kwenye habari.

Bado lile tairi lililoliwa. Roadster ilitoka kiwandani na 185/60R14 kwenye rimu ya inchi tano na nusu. Yeye amefunga 205/40R17 kwenye rimu ya inchi saba na nusu. Inchi mbili zilizoongezeka, milimita 51, lazima ziende mahali: kama sehemu ya kufungia haijasogea, 25 zinaingia ndani kwenye springi na 25 zinatoka nje kwenye madigadi. Yeye kwa kuogopa ndani aliongeza spesa, kile kisahani cha chuma kati ya habu na rimu, tairi likatoka nje na kukwaruzwa na madigadi. Beringi nayo inabeba mzigo kutoka mbali kuliko ilivyopangiwa. Kisha kushusha gari bila kupima alaimenti kumelaza tairi, likawa linakanyaga kwa ukingo wa ndani tu. Yaani amenunua milimita 205 anatumia 60. Na kwa kuwa tairi jipya ni kubwa kwa kipenyo, milimita 596 badala ya 578, spidi mita ikimwambia 100 yeye yuko 103.

Niliuliza kwa nini asingeweka 195 kwenye inchi 15, rimu nyepesi ya inchi 6 na nusu, aache nafasi chini. Akasema, kwa uaminifu nilioupenda, "Kaka, 15 haionekani."

Mzee hakucheka. Alikuwa amefungua nati zote za upande ule, ametoa spesa, anaigeuza mkononi kama mtu anayekagua sarafu. Akauliza ile rimu ya zamani iko wapi. Kijana akasema nne zote ziko nyumbani, chini ya kitanda. Mzee akaweka spesa ndani ya ndoo ya maji ya kupimia pancha, akaanza kuangalia tairi za mtumba zilizotundikwa ukutani, moja moja, akisoma namba kwa kidole.

Kondakta akapiga honi. Malori yalikuwa yameanza kusogea.