KARANGA, MAHARAGE NA MAARIFA YA MAMA ZETU



Kikundi chetu kinapotimiza miaka 10, tukumbuke kuwa hisa nyingi za mwanzo zilitokana na madebe ya karanga. Kwa hiyo historia ya adui wa karanga ni sehemu ya historia yetu.

Wanaolima karanga sehemu za joto za Mbeya na Iringa wanamfahamu. Mmea unadumaa, majani yanakuwa madogo na ya njano, yanajikusanya kama kichaka, na ukiung'oa hukuti kitu. Ni ugonjwa wa rozeti. Taarifa ya kwanza kuhusu ugonjwa huu iliandikwa mwaka 1907 na Zimmermann, mtaalamu wa Kijerumani, nao ulionekana hapa hapa nchini kwetu, enzi za utawala wa Wajerumani. Katika miaka ya 1920 mtafiti H. H. Storey, akiwa Afrika Kusini, alionyesha kuwa unaenezwa na vidukari, wale tunaowaita wadudu mafuta. Hauenezwi na mbegu, na wala siyo uchawi wa jirani.

Kwa miaka mingi kilimo cha kisasa kilihubiriwa kuwa ni zao moja shambani, tena kwa mistari. Aliyechanganya mazao alionekana mshamba. Hata hivyo mama zetu hawakuacha kuchomeka maharage kwenye karanga, maana walihitaji mboga na hela kidogo kabla karanga hazijakomaa.

Mwaka 1976 ikatoka taarifa ya mtafiti J. A. K. Farrell kutoka Malawi, ng'ambo tu ya mto Songwe. Aliona kuwa karanga zilizochanganywa na maharage zilipata rozeti kidogo kuliko zilizokuwa peke yake. Sababu ni kwamba jani la maharage lina vinyweleo vilivyopinda kama ndoana, na kidukari akitua hapo ananaswa. Kumbe mboga ya mama ilikuwa pia mtego!

Lakini tuwe waangalifu, akina mama. Siyo kila jamii ya kunde inafaa. Kunde zenyewe zinapendwa sana na kidukari yule yule, kwa hiyo kuzichanganya na karanga ni kumkaribisha mgeni mbaya. Aidha, maharage peke yake hayatoshi. Tupande mapema mvua zinapoanza, tusiache nafasi kubwa kati ya mimea, na tung'oe maotea ya msimu uliopita, kwani ndiko ugonjwa unakojificha.

Mwanachama akikopa ili anunue dawa ya kupuliza, halafu karanga zikafa, deni linabaki, na mdhamini wake anaumia pamoja naye. Basi kabla ya kuomba mkopo wa dawa, kwanza tujiulize kama maharage yamo shambani.