Mkanda Umefungwa Wapi? Peugeot ya Babu na Historia ya Kitu Tunachokipuuza

Desemba iliyopita nilirudi nyumbani Kamachumu nikamkuta mjomba wangu anafufua gari la marehemu babu. Ni Peugeot 404 stesheni wagoni, ile yenye safu tatu za siti, ambayo wazee wa kwetu bado wanaiita "Pijo". Babu aliinunua ikiwa imeshatumika, kwa pesa ya kahawa. Kwa miaka mingi ilikuwa imelala nyuma ya nyumba, kando ya migomba, kuku wakitagia ndani.

Injini ilishawaka na rangi ilishapigwa. Kilichobaki ni mikanda. "Weka ya mbele miwili tu," mjomba alimwambia fundi, "ili trafiki wasitusumbue njiani." Fundi akaleta mikanda ya mtumba iliyotolewa kwenye gari la Kijapani, akatoboa sakafu kwa drili, akapitisha bolti na washa, akakaza nati. Nusu saa, kazi imekwisha.

Mimi nasomea historia, si uhandisi. Nikaushika mkanda wa abiria kwa mikono miwili, nikaweka mguu kwenye kizingiti cha mlango, nikavuta. Ukaja wote: bolti, washa, na kipande cha bati lenye kutu ukubwa wa kiganja.

Tukabaki tunatazamana. Na hapo ndipo nilipoanza kujiuliza swali la makala hii: hivi gari kama hili lilitengenezwaje bila mikanda, na kwa nini kuiongeza baadaye ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana?

Gari gumu, abiria laini

Peugeot ilizindua 404 mwaka 1960. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, na injini yake ya sentimita za ujazo 1,618 ililazwa upande. Huku kwetu gari hili lilipata jina kwa sababu ya uvumilivu. Lilishinda mbio za East African Safari mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo: 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland wa Tanzania na msoma ramani wake Chris Rothwell. Mbio zile zilipita kwenye tope na vumbi la Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hiyo ukishinda pale, mkulima wa kahawa hahitaji tangazo jingine.

Lakini angalia tulivyokuwa tunapima ubora: je, gari litafika? Je, springi zitavunjika? Usalama wa mtu aliye ndani tuliupima kwa ugumu wa bati. Mpaka leo utasikia mzee akisema, "Magari ya zamani yalikuwa chuma kweli." Ni kweli yalikuwa magumu. Tatizo ni kwamba gari gumu likigonga linasimama ghafla, halafu mwili wako unaendelea na safari peke yake.

Mtu aliyetoka kwenye ndege

Jibu lilikuwa limeshaanza kupatikana kwingine. Desemba 1954, daktari wa jeshi la anga la Marekani, John Paul Stapp, alijifunga kwenye kigari cha roketi kilichozidi kilomita 1,000 kwa saa na kusimama ndani ya sekunde 1.4. Alitoka akiwa hai. Somo lake lilikuwa wazi: mwili wa binadamu unaweza kustahimili msimamo mkali sana, mradi umefungwa vizuri.

Miaka michache baadaye kampuni ya Volvo ya Sweden ilimwajiri Nils Bohlin, mhandisi aliyekuwa akiunda viti vya kumrusha rubani nje ya ndege. Mikanda ya magari ilikuwepo tayari, ila mingi ilikuwa ya kiunoni tu. Gari likigonga, mkanda huo unashika kiuno, kifua na kichwa vinakwenda mbele, na tumbo linabanwa. Mwaka 1959 Bohlin alikuja na mkanda wa pointi tatu: utepe mmoja unapita begani na kiunoni, unafungwa kwa mkono mmoja, na nguvu inapokelewa na mifupa ya nyonga na kifua. Volvo ilikuwa na hataza, lakini iliwaachia watengenezaji wengine watumie muundo huo.

Kuuvaa ilikuwa vita nyingine. Jimbo la Victoria, Australia, lilitangulia kuwalazimisha watu kwa sheria mwaka 1970. Ufaransa, nyumbani kwa Pijo yetu, ilifuata Julai 1973, tena kwa siti za mbele na nje ya miji tu. Mwaka huohuo wa 1973 Tanzania ilitunga Sheria ya Usalama Barabarani, na kwa miaka mingi suala la mkanda kwetu limemlenga dereva na abiria wa mbele. Kwa hiyo mjomba hakuwa na wazo la ajabu. Alikuwa anarudia historia ya dunia nzima: mbele kwanza, nyuma tutaona.

Magunia kumi na manne ya kahawa

Sasa hesabu kidogo, usikimbie. Chukua mtu wa kilo 60 kwenye gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kwa sekunde. Gari linagonga, na mkanda unamsimamisha ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Nguvu inayohitajika ni takriban niutoni 8,300, sawa na uzito wa kilo 850 hivi. Kwa lugha ya Kamachumu, ni magunia kumi na manne ya kahawa ya kilo 60 yaliyoning'inizwa kwenye mkanda mmoja.

Utepe wenyewe unaweza kubeba. Swali ni ule upande wa pili: magunia hayo yanabebwa na nini? Ndiyo maana kuna kanuni ya Umoja wa Mataifa, namba 14, inayohusu tundu na bolti tu, si utepe. Inataka sehemu za kufungia mkanda wa pointi tatu kwenye gari dogo zivutwe kwa nguvu inayozidi kilo 1,300 begani, na kiasi hichohicho kiunoni, bila kung'oka. Bati letu liling'oka kwa mikono ya mwanafunzi.

Kenya waliwahi kufanya hivi kwa nchi nzima

Kama unadhani hii ni hadithi ya gari moja bovu, vuka mpaka. Februari 1, 2004, zilianza kutumika zile zinazoitwa "sheria za Michuki", kwa jina la waziri wa uchukuzi John Michuki. Kila matatu ilitakiwa iwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa na mkanda kwenye kila siti, mpaka ya mwisho. Siku za mwanzo magari mengi yalikaa nje ya barabara na watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini.

Mimi nawapongeza Wakenya kwa jambo moja: walikumbuka abiria wa nyuma. Lakini fikiria kazi iliyotakiwa. Maelfu ya magari, mengi yakiwa yalizaliwa ya mizigo na siti zikaongezwa baadaye, yafungwe mikanda ndani ya muda mfupi. Mkaguzi anaona utepe na kifungio. Haoni kama siti yenyewe imeshikiliwa na bolti mbili kwenye bati jembamba. Siti ikichomoka, mkanda unachomoka nayo.

Bibi anakaa wapi?

Turudi nyumbani. Nilimuuliza mjomba, "Bibi akienda kliniki Ndolage, anakaa wapi?"

"Nyuma. Mama hapendi mbele."

Nikamweleza utafiti wa Wajapani uliochapishwa mwaka 2002 katika jarida la The Lancet. Waligundua kwamba abiria wa nyuma wasipofunga mkanda, hatari ya kifo kwa waliofunga mkanda mbele inaongezeka karibu mara tano, kwa sababu wa nyuma wanakuja na kuwagonga kwa mgongoni. Mjomba akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo mama ataniua mimi?" Tukacheka, lakini aliacha kubisha.

Nikampigia rafiki yangu anayesomea uhandisi mitambo, akaja kutoka Bukoba. Fundi naye, sifa zimwendee, hakununa. Walikata sakafu yote yenye kutu na kuchomelea bati jipya. Chini ya kila tundu wakaweka bamba la chuma la unene wa milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 40, kipimo cha chini ambacho shirikisho la mbio za magari duniani, FIA, hulitaka, ili nguvu isambae badala ya kuvuta nukta moja. Bolti za dukani za kawaida ziliwekwa pembeni, zikaja bolti maalumu za mikanda. Pointi ya begani iliwekwa kwenye nguzo ya mlango, ikiwa na bamba ndani. Mikanda ya mtumba ilitupwa, maana huwezi kujua kama ilishawahi kumshika mtu kwenye ajali. Utepe ukishanyooka siku hiyo, haurudi.

Safu ya pili imepata mikanda miwili. Safu ya tatu haikupata. Sakafu ya pale haikuwa na sehemu ya kushikilia, na rafiki yangu alikataa katakata kufunga mkanda wa maonyesho. Siti ile imetolewa, ipo stoo. Mjomba alikuwa anategemea kukodisha gari kwenye harusi kwa watu saba, sasa anabeba wanne. Hasara hiyo ananikumbusha kila akipiga simu.

Wewe msomaji, ukipanda mchomoko kesho, pengine utabanwa nyuma mkiwa wanne na kifungio kimezama chini ya siti. Kichomoe. Vuta utepe, fuata mpaka mwisho wake, uone umeshikwa na nini. Na kama gari ni la nyumbani kwenu, inua zulia.