Mpiga Chapa na Uhuru wa Kusema

Msomaji mpenzi, chukua kitabu chochote kilichomo katika dawati lako, ufungue kurasa zake za mwanzo au za mwisho, utafute mstari mdogo ambao watu wengi hupita juu yake bila ya kuusoma. Mstari huo husema kitabu kimepigwa chapa na nani na mahali gani. Magazeti nayo huubeba mstari wa namna hiyo, kwa herufi ndogo, mara nyingi chini ya ukurasa. Waweza kudhani kwamba mpiga chapa ameliweka jina lake kwa kuionea fahari kazi yake, kama seremala atiavyo alama chini ya kiti. Sivyo. Ameliweka kwa kuwa sheria imemwamuru. Tangu zama za ukoloni serikali imetaka kumjua mwandishi wa maneno na, zaidi ya hapo, mwenye mtambo uliyotoa maneno hayo. Katika mstari huo mdogo imo sehemu kubwa ya historia ya uhuru wa kusema katika nchi yetu ya Kenya, nami nitakusimulia.

Ulimi hauna mfupa, wala haugharimu kitu. Lakini mtu asemaye chini ya mti husikiwa na wale walioketi chini ya mti huo tu. Akitaka asikiwe Kisumu, Nyeri na Mombasa katika juma moja, hana budi apate chombo cha kuichukua sauti yake. Chombo hicho kina mwenyewe, kina bei, na mwenyewe ana watoto wa kulisha na deni la kulipa. Wanaozungumza juu ya uhuru wa kusema kana kwamba ni jambo la moyo wa ushujaa peke yake huisahau habari hii ya fedha, nao hushangaa kuona nchi ina mashujaa wengi na magazeti machache.

Nusu ya kwanza ya karne ya 20 chombo hicho kilikuwa mtambo wa kupiga chapa. Mpangaji aliziokota herufi ndogo za risasi moja moja kutoka katika visanduku vyake, akazipanga kinyumenyume katika mstari, mstari juu ya mstari, mpaka ukurasa ukatimia. Kisha ukapakwa wino na kugandamizwa juu ya karatasi. Mtambo, herufi na karatasi vyote vilitoka ng'ambo kwa meli, na vyote vilitaka fedha taslimu. Mtu aliyepata mshahara wa kibarua hakuweza hata kuota ndoto ya kuvinunua. Kwa hiyo mitambo ilikuwa ya serikali, ya misheni, ya Wazungu walowezi na ya wafanyabiashara wa Kihindi. Jambo la ajabu kidogo ni kwamba gazeti lililokuja kuwa sauti kubwa ya walowezi lilianzishwa na Mhindi: A. M. Jeevanjee alianzisha African Standard mjini Mombasa mwaka 1902, akaliuza mwaka 1905, nalo likaitwa East African Standard na baadaye kuhamia Nairobi. Tutakutana nalo tena.

Mwafrika wa kwanza kuonyesha wazi alivyofahamu nguvu za mitambo hii ni Harry Thuku. Katika ujana wake alifanya kazi katika gazeti la walowezi lililoitwa Leader of British East Africa. Huko alizizoea herufi za risasi, na pia aliyasoma mawazo ya walowezi kabla hayajafika kwa wasomaji wao. Baadaye akawa mpokeaji simu katika ofisi ya Hazina ya serikali mjini Nairobi. Mwaka 1921, kodi ilipokuwa imepandishwa, kipande kikivaliwa shingoni, na walowezi wakitaka kuipunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, Thuku na wenzake waliunda chama, nacho kikaitwa East African Association. Wakapeleka malalamiko yao moja kwa moja London kwa simu ya maandishi, bila ya kupitia kwa machifu wala kwa mabwana wilaya. Serikali ikamwambia achague kazi au siasa, naye akachagua siasa.

Je, Thuku alipata wapi mtambo? Kwa Manilal Desai, Mhindi mwenye gazeti la East African Chronicle, aliyempa nafasi katika ofisi yake na kumpigia chapa matangazo yake. Hawa walikuwa watu wawili wa rangi mbili ambao sheria za siku zile ziliwatenga katika makazi na katika shule. Mmoja alikuwa na maneno, na mwenzake alikuwa na chombo cha kuyachukua. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika kumdai ulipigwa risasi, na serikali yenyewe ilikiri kwamba watu 21 walikufa. Thuku akahamishiwa Kismayu, asipate kufunguliwa hadi mwishoni mwa mwaka 1930.

Mwaka 1928 chama cha Kikuyu Central Association kilianza kutoa gazeti la Muigwithania, mhariri wake akiwa Jomo Kenyatta. Huko Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, akiwakemea watu wa Pwani kwa kuiacha elimu. Lakini mvua kubwa ya magazeti ilinyesha baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na hapa nataka tutue kidogo.

Henry Muoria alizaliwa mwaka 1914 huko Kabete. Alikuwa gadi wa garimoshi. Safarini alijifunza kazi ya uandishi wa magazeti kwa masomo ya posta, yale ambayo mwanafunzi huletewa somo katika bahasha na kulirudisha limejibiwa. Mwaka 1945 aliiacha kazi ya reli, kazi yenye mshahara wa uhakika, akaanzisha gazeti kwa lugha ya Kikuyu na kuliita Mumenyereri, maana yake mlinzi. Fikiri, msomaji, jinsi jamaa zake walivyomshangaa. Wengi wetu, ndugu zetu wangetufanyia kikao cha ukoo. Lakini gazeti lilikua, likawa la kila juma. Na nakala moja haikuwa ya msomaji mmoja, kwani aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua.

Katika miaka hiyohiyo Achieng Oneko alikuwa na gazeti la Ramogi kwa Kijaluo, na shirika la Luo Thrift and Trading Corporation, lililoanzishwa na Oginga Odinga, liliwakusanya watu wa kawaida wanunue hisa. Sehemu ya fedha hizo ilitumika kununua mtambo wa chapa, Ramogi Press. Odinga alikuwa mwalimu, naye aliona wazi kwamba watu wasiokuwa na duka lao, na mtambo wao, wataendelea kuazima hata midomo. Naye G. L. Vidyarthi, mwenye Colonial Times, alipiga chapa pia gazeti la Kiswahili, Habari za Dunia, akafungwa jela kwa kosa la uchochezi.

Serikali ya kikoloni ikaona kwamba kumfunga mwandishi hakuleti faida iliyotarajiwa. Mwandishi akifungwa hupata sifa. Akitoka jela husikilizwa zaidi kuliko alivyosikilizwa kabla. Basi mwaka 1950 Sheria ya Adhabu ilirekebishwa, na mahakama zikapewa uwezo wa kuutwaa mtambo uliopiga chapa maneno ya uchochezi. Mwaka 1952 ukawekwa utaratibu wa kuipa mitambo leseni.

Itazame sheria hiyo kwa macho ya mpiga chapa. Tuseme wewe ni Mhindi mwenye mtambo mmoja katika barabara ya River Road. Akiba ya maisha yako yote imo katika chuma kile. Anakuja kijana na karatasi zilizoandikwa kwa Kikuyu au Kijaluo, lugha ambayo labda hukuijua vizuri. Anakulipa shilingi chache kwa kazi hiyo. Kama maneno yale ni mema, umepata shilingi chache. Kama hakimu atayaona mabaya, umepoteza mtambo. Ungefanya nini? Ungemwambia kijana kwa upole kwamba juma hili wino umekwisha. Na jirani yako angemwambia kwamba mashine imeharibika. Hakuna aliyekatazwa kusema, hakuna aliyefungwa, na gazeti halikutoka. Ndiyo maana naiona sheria ile kuwa kali kuliko jela: ilimfanya kila mwenye mtambo awe mkaguzi wa maneno kwa gharama yake mwenyewe, tena mkaguzi mwoga kuliko yule wa serikali, kwa kuwa wa serikali hapotezi kitu akiruhusu.

Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, magazeti ya Waafrika yalipigwa marufuku, Mumenyereri likiwa mojawapo. Muoria alikuwa amekwenda London muda mfupi kabla ya hapo, na hakurudi kuja kuishi nyumbani. Alipata kazi ya ugadi katika treni za chini ya ardhi za mji ule.

Uhuru ulipatikana mwaka 1963. Wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu hupenda habari iishie hapo, bendera ikipanda. Lakini sheria ya uchochezi haikushuka pamoja na bendera ya Mwingereza. Katika miaka ya 1980 watu walifungwa kwa kupatikana na karatasi za Mwakenya tu, na sheria yenyewe haikufutwa hadi mwaka 1997, mwaka ambao Muoria alifariki. Na ile hila ya kumwandama mpiga chapa nayo ilirithiwa. Aprili 1993 polisi waliingia katika kiwanda cha Fotoform mjini Nairobi, kilichopiga chapa majarida yaliyoikosoa serikali, wakaondoa vipuri vya mitambo isiweze kufanya kazi. Machi 2006 askari wenye silaha walivamia usiku mitambo ya Standard, wakachoma magazeti na kuizima mitambo. Hilo ndilo gazeti la Jeevanjee, lililokuwa rafiki wa watawala miaka mingi. Mtambo hauna kabila wala chama. Humfuata mwenyewe, na mwenyewe akibadilika, adui zake hubadilika.

Njia nyingine ilikuwa ya kimya zaidi. Sheria ya Vitabu na Magazeti ilimtaka mchapishaji wa gazeti aweke dhamana ya shilingi 10,000. Mwaka 2002 Bunge liliipandisha hadi shilingi 1,000,000. Wengi walishangilia, na sababu yao haikuwa ya kipumbavu: katika mitaa ya Nairobi vilikuwa vikiuzwa vijigazeti vilivyowazulia watu maovu bila ya aibu. Lakini dhamana haiulizi kama mtu ni mwongo; huuliza kama ana shilingi milioni moja. Mwongo tajiri hupita, na mkweli maskini hubaki mlangoni. Kama mtu amemsingizia mwenzake, na ashtakiwe yeye, kwa maneno yale aliyoyasema, mbele ya hakimu, ushahidi ukitolewa.

Wala sisemi kwamba maneno hayaui. Mwaka 1994 redio moja ya Rwanda iliwahimiza wasikilizaji wake wawaue jirani zao, nao wakaua. Katiba yetu ya mwaka 2010 yaulinda uhuru wa kusema katika kifungu cha 33, na kifungu hichohicho chakataa matamshi ya chuki na uchochezi wa ghasia. Naona mpaka huo umewekwa mahali pake, kwani hulitazama neno lenyewe wala hauutazami mtambo. Hata hivyo tarehe 30 Januari 2018 vituo vikubwa vya televisheni vilizimwa kwa sababu ya kuonyesha mkutano mmoja wa siasa, vikakaa kimya siku kadhaa ingawa Mahakama Kuu iliamuru virudishwe hewani.

Sasa utaniambia kwamba hayo yamepita, kwa kuwa kila mtu anao mtambo mfukoni: simu, ile ambayo mwalimu mkuu amekukataza kuja nayo shuleni. Kwa kweli bei imeanguka kuliko mtu yeyote wa mwaka 1950 angeweza kufikiri. Msichana wa Garissa aweza kuandika jambo asubuhi likasomwa Kakamega kabla ya chai. Muoria angetoa machozi ya furaha. Lakini jaribu kuuliza maswali yaleyale ya zamani. Chombo ni cha nani? Mnara, waya wa chini ya bahari na mitandao ambamo maneno yako hukaa, vyote vina wenyewe, wengine wao wakiwa nchi za mbali, nao wana biashara ya kuilinda kama yule mpiga chapa wa River Road. Wakitishwa kwamba watapoteza leseni, watatazama hesabu zao kwanza, kabla ya kukutazama wewe.

Na ule mstari mdogo wa jina la mpiga chapa nao umehama. Tangu mwaka 2010 wenye simu nchini wametakiwa waandikishe laini zao kwa majina na vitambulisho. Sababu iliyotolewa ilikuwa utapeli na utekaji nyara, nayo ilikuwa sababu ya kweli, kwa maana wezi walikuwa wakipiga simu bila ya kujulikana. Lakini zamani aliyeandikwa jina alikuwa mwenye mtambo peke yake, mmoja katika mtaa mzima. Siku hizi aliyeandikwa ni mama auzaye mboga, ni dereva wa matatu, na ni wewe utakapofikia umri wa kupata kitambulisho na kwenda kununua laini yako ya kwanza.