Fedha Taslimu na Faida: Funzo la Duka la Rochdale

Katika kuadhimisha mwaka wa kumi wa Chama Kikuu chetu, tumeona yafaa tuwakumbushe wanachama na viongozi habari ya duka dogo lililofunguliwa mjini Rochdale, Uingereza, tarehe 21 Desemba, 1844. Waanzilishi wake walikuwa watu 28, wafumaji na mafundi wengineo, na rasilmali yao ilikuwa pauni 28 tu.

Kabla yao, mjini humo humo, palikuwa na duka jingine la ushirika lililofunguliwa mwaka 1833. Duka hilo liliuza kwa mkopo. Lakini jina la mdaiwa lililoandikwa daftarini halinunui unga, na ilipofika mwaka 1835 duka likafungwa. Wahenga walisema kweli: kukopa harusi, kulipa matanga.

Waanzilishi wa 1844 wakaweka kanuni ya kuuza kwa fedha taslimu. Siagi iliyouzwa leo ilirudisha fedha leo, na fedha hiyo ikanunua siagi nyingine. Mwisho wa 1845 wanachama walikuwa 74, rasilmali pauni 181, mauzo ya mwaka pauni 710, na faida pauni 22. Tuzipime hesabu hizo. Kila pauni 100 za mauzo zilileta faida ya kama pauni 3 tu. Lakini mauzo yalikuwa karibu mara nne ya rasilmali. Kwa hiyo kila pauni 100 za rasilmali zilizaa kama pauni 12. Faida ndogo ilikuzwa na fedha iliyozunguka upesi.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kuzilaza fedha sandukuni ndiyo busara. Fedha iliyolala haizai. Iliyotoka yote haiwezi kulipa deni. Chama cha mazao huijua shida hii kila msimu: mkulima hutaka malipo ya kwanza aletapo kahawa au pamba yake, naye mnunuzi hulipa baadaye. Ikiwa malipo hayo yametoka katika mkopo wa benki, kila wiki gunia likaapo ghalani, riba hula sehemu ya malipo ya pili.

Basi twawaomba wajumbe wa kamati waulize mambo mawili katika kila mkutano: Tumepata faida gani? Na je, tunazo fedha za kulipa madeni ya mwezi huu? Tukiyashika hayo, mwaka wa ishirini utatukuta tukilipana kwa wakati.