Miaka 80 ya Vespa: ugomvi wa Pontedera na Pune uliotuachia majina mawili

"Babu, hii ni Vespa ya kweli?"

Aliyeuliza ni mwalimu kijana wa skuli ya msingi, baibui lake limekunjwa vizuri asilichafue kwa oili, mkono mmoja kaushika usukani wa chombo cha buluu kilichong'aa kama kimetoka dukani asubuhi ile. Mwenye kukiuza alikuwa amempa akijaribu kwa siku moja. Kwenye ngao ya mbele, neno Vespa lilisomeka kwa herufi za rangi ya fedha.

Fundi, mzee mwenye gereji ndogo Ng'ambo, Unguja, hakujibu. Alichuchumaa, akafungua ubavu wa kulia unaoficha injini, akapangusa vumbi kwa kitambaa, akasoma herufi zilizogongwa kwenye chuma.

"Vespa ya zamani ya Italia, namba yake kwa kawaida huanza na V, mwanangu. Hii imezaliwa India. Hiyo nembo imepachikwa baadaye."

Kilichonipeleka kwa fundi huyu ni tarehe. Aprili 23 mwaka huu wa 2026 imetimia miaka 80 tangu kampuni ya Piaggio iwasilishe mjini Florence maombi ya hataza ya chombo hicho. Nilitaka anisimulie habari za Italia. Yeye akazipitia haraka haraka, kisha akakaa India hadi adhuhuri. Nimeisoma historia hiyo tena tangu siku ile, na naona hakukosea. Anayetaka kujua vespa yake imetoka wapi, na anayetaka kununua moja leo asijute, sharti aujue ugomvi wa Pontedera na Pune.

Nyigu aliyezaliwa na vita

Ya Italia yanajulikana. Piaggio ilianzishwa na Rinaldo Piaggio mwaka 1884, ikitengeneza samani na mapambo ya ndani ya meli, kisha mabehewa ya treni, kisha ndege. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, kiwanda chake cha Pontedera, katika jimbo la Toscana, kilikuwa kifusi. Italia iliyoshindwa vita haikuwa na soko la ndege za kivita, na wananchi hawakuwa na fedha za magari. Enrico Piaggio, mtoto wa Rinaldo, akaamua kutengeneza chombo rahisi ambacho kila mtu angeweza kukipanda.

Jaribio la kwanza lilipewa jina la Paperino, yaani bata Donald wa katuni, na Enrico hakulipenda. Akamwita Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege ambaye helikopta yake ilikuwa imeruka tangu mwaka 1930. D'Ascanio alikuwa hapendi pikipiki hata kidogo. Kwake zilikuwa zinachosha, mnyororo wake unachafua nguo, na tairi likipasuka njiani kulibadilisha ni mateso. Basi akaunda chombo kisicho na mnyororo, injini ikiwa imeungana na gurudumu la nyuma, gia zikiwa mkononi, na gurudumu la mbele likishikwa upande mmoja tu kama gurudumu la ndege ili litoke kwa urahisi. Badala ya fremu ya mabomba akatumia bati la chuma lililokunjwa, likawa ndilo mwili na ndilo mifupa. Enrico alipokiona kiuno chembamba na kusikia mlio, akasema kinafanana na nyigu. Kwa Kitaliano nyigu ni vespa.

Mtindo wa kwanza ulikuwa na injini ya sisi 98, ukikimbia kama kilomita 60 kwa saa. Mwaka huo wa 1946 ziliuzwa 2,484, na mwaka uliofuata 10,535. Mwaka 1947 Ferdinando Innocenti wa Milan akaleta Lambretta, na waendeshaji wa Italia wakagawanyika kama mashabiki wa mpira. Mwaka 1953 filamu ya Roman Holiday ikawapandisha Audrey Hepburn na Gregory Peck juu ya Vespa, dunia nzima ikaiona.

Jambo moja katika ubunifu wa D'Ascanio halisifiwi vya kutosha, nalo ndilo lililoifanya vespa iwe yetu. Aliacha uwazi mbele ya kiti ili mwanamke mwenye sketi na padri mwenye joho wapande bila kurusha mguu juu. Hakuwaza kanzu wala baibui. Lakini simama Darajani saa moja asubuhi utazame wanaokwenda kazini: mzee na kanzu yake iliyopigwa pasi, bibi na baibui lake, wote wameketi wima, magoti pamoja, nguo hazijakunjamana. Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya Italia kimefaa Unguja kama kimeshonwa kwa kipimo chake.

Mkataba ulipokwisha

Hapa ndipo fundi alipoweka spana chini.

Familia ya Bajaj ilikuwa na jina India hata kabla ya uhuru. Jamnalal Bajaj, mwasisi wa biashara zao, alikuwa karibu sana na Mahatma Gandhi, ambaye alimhesabu kama mwanawe. Mwaka 1948 kampuni ya familia hiyo ilianza kuagiza Vespa kutoka Italia. Mwaka 1959 ikapata leseni ya serikali ya kutengeneza vyombo vya magurudumu mawili na matatu, na mwaka 1960 ikaingia mkataba wa ufundi na Piaggio. Vespa zikaanza kutengenezwa India kwa michoro ya Pontedera, baadaye kwenye kiwanda kikubwa cha Akurdi, karibu na mji wa Pune.

Mwaka 1968 usukani ukashikwa na Rahul Bajaj, mjukuu wa Jamnalal, kijana wa miaka 30 aliyesoma biashara Harvard. Miaka mitatu baadaye mkataba na Piaggio ukafika mwisho. Serikali ya Indira Gandhi ilitaka viwanda vya India visimame kwa miguu yao, na mkataba haukuongezwa. Piaggio ikaondoka na jina lake. Lakini mashine zilibaki Pune, na mafundi waliokuwa wamejifunza kazi kwa miaka 10 walibaki pia.

Bajaj haikufunga milango. Mwaka 1972 ilitoa skuta yake na kuipa jina Chetak, farasi mashuhuri wa Maharana Pratap, mtawala wa Mewar aliyepigana na majeshi ya Mughal. Jina lilikuwa la Kihindi hasa, ila mwili, kwa mtu yeyote mwenye macho, ulikuwa ndugu wa Vespa Sprint: mbavu zile zile mbili, injini ya mipigo miwili ile ile ya kuchanganya oili na petroli, gia nne mkononi.

India ikaipenda mno. Enzi hizo kila kiwanda kilipangiwa na serikali idadi ya vyombo ambavyo kingeruhusiwa kutengeneza, hata kama wateja wamejaa mlangoni. Foleni ya kusubiri Chetak ikafika miaka 10 hivi. Mtu aliweka amana akiwa hajaoa, akaja kukabidhiwa skuta yake ana watoto wanaosoma. Iliyotumika iliuzwa ghali kuliko mpya, kwa sababu ilikuwepo.

Ilipoanza kwenda masoko ya nje, Piaggio ikaamka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliishitaki Bajaj katika nchi kadhaa, ikiwemo Marekani, ikidai kuwa Wahindi wanauza umbo lake. Bajaj nayo ikashikilia kuwa inauza chombo chake. Mauzo yake ya nje yakashuka, na milango ya masoko tajiri ikawa migumu. Wakati huo huo Waitalia walirudi India kwa mlango mwingine: wakaungana na kampuni ya LML ya Kanpur, wakawa wanatengeneza Vespa nchini humo humo wakishindana na mwanafunzi wao wa zamani. Ndoa hiyo nayo ikavunjika mwaka 1999, na LML ikaendelea peke yake na umbo lile lile, kama Bajaj ilivyofanya.

"Sasa niambie," fundi aliniuliza, "nani mwizi hapo? Aliyefunzwa kazi akaijua, kosa lake lipi?"

Mimi naegemea upande wake. Haki ya mbunifu ni haki, na D'Ascanio anastahili kila sifa. Lakini taifa lililopokea michoro, likajifunza kukunja bati na kuchonga gia, kisha likaambiwa lisahau, lilifanya sawa lilipokataa kusahau. Nchi zetu zimefungua karakana nyingi za kuunganisha vyombo vinavyokuja kwenye makasha. Zilizofika hatua ya Pune ni chache mno, na jambo hilo lingepaswa kutukosesha usingizi.

Nyigu na nyuki

Ugomvi huo umo hadi ndani ya lugha yetu. Mwaka 1948 Piaggio ilitoa chombo cha magurudumu matatu chenye injini ya Vespa na kukiita Ape, yaani nyuki. Bajaj ilikitengeneza India kwa mkataba ule ule, ikakifanya kuwa riksho ya abiria, na baada ya 1971 ikaendelea nacho kwa jina lake. Kilipoenea Tanzania, watu walisoma maandishi yaliyokuwa mbele yake, wakasema bajaji. Leo hata kilichotengenezwa na TVS, mshindani wa Bajaj, Dar es Salaam kinaitwa bajaji tu. Wakenya wamechagua tuktuk.

Skuta nazo, kwa wengi wetu, zote ni vespa, hata iliyotoka Taiwan au China. Jina la mwalimu na jina la mwanafunzi waliofikishana mahakamani yamelala pamoja katika Kiswahili bila ugomvi wowote. Inaniuma kwamba historia hii haifundishwi popote. Pontedera wana makumbusho ya Piaggio tangu mwaka 2000, ndani ya jengo la kiwanda cha zamani. Sisi, magamba ya chuma yaliyobeba wazazi wetu tunayapima kwa kilo kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Zinatoka wapi leo

Yaliyofuata ni ya haraka. Skuta zisizo na gia, zinazovutwa kwa mkanda, ziliteka soko. Honda Activa, iliyotoka India mwaka 2001, ndiyo iliyoongoza huko. Bajaj iliacha skuta za petroli karibu na mwaka 2010 na kubaki na pikipiki na magurudumu matatu. Mwaka 2020 ikalirudisha jina la Chetak kwenye skuta ya umeme. Piaggio, iliyowahi kukaribia kufilisika, ilinunuliwa mwaka 2003 na kampuni ya Roberto Colaninno. Vespa bado hutengenezwa Pontedera, na pia Vinh Phuc nchini Vietnam tangu 2009 na Baramati nchini India tangu 2012. Taiwan kuna Kymco na SYM. China ina viwanda visivyohesabika, vingi vikitumia injini moja yenye asili ya Honda iitwayo GY6, kiasi kwamba kipuri cha skuta hii huingia kwenye ile.

Ndiyo maana neno lililoandikwa kwenye ngao halitoshi. Kwenye vyombo vya miaka ya karibuni, soma namba ya fremu yenye tarakimu na herufi 17. Ikianza na ZA ni Italia. M ikifuatwa na herufi kati ya A na E ni India. RP ni Vietnam. L ni China. Kisha linganisha namba hiyo na kadi, herufi kwa herufi.

Baada ya hapo jiulize vipuri viko wapi. Ya mkanda ni nyepesi kwa anayeanza, ila mkanda huisha na lazima upatikane mjini kwako. Ya gia ya zamani hutaka oili ichanganywe kwa kipimo, na zenye injini za baadaye kidogo, kama PX, hutaka mililita 20 kwa lita moja ya petroli. Ukisahau, pistoni hukwama. Lakini fundi yeyote mwenye spana chache anaweza kuifungua kando ya barabara.

Na kwa sisi wa pwani, kutu ni adui mkubwa kuliko maili. Mwili wa vespa ndio mifupa yake, na hewa ya chumvi huanza kula sakafu, pale unapoweka miguu. Rangi mpya isikudanganye. Kuna zinazounganishwa kwa vipande vya magamba mawili, zikachomelewa, zikajazwa putini, zikapakwa rangi inayong'aa.

Fundi alimwonyesha mwalimu. Alitoa mfukoni sumaku ya spika iliyokufa, akaiweka kwenye ngao ya ile ya buluu. Ikanata. Akaiweka ubavuni, ikanata. Akainua mpira wa sakafu, akaiweka karibu na kanyagio la breki. Haikunata. Akajaribu kando yake, haikunata tena.

"Kuzaliwa India si aibu, mwanangu. Ya Pune ningekuambia chukua, na vipuri ningekutafutia mimi. Tatizo ni kwamba hapa chini hamna chuma, ni putini. Siku moja utakanyaga breki na mguu utaigusa lami."

Mwalimu alinyamaza kidogo. Akauliza bei ya kukata sakafu nzima na kuweka bati jipya, fundi akamtajia, akatikisa kichwa. Akasema atairudisha kwa mwenyewe jioni ile ile, na kwamba Mwanakwerekwe kuna nyingine mbili alizosikia zinauzwa.

"Basi chukua hii," fundi akamwambia, akampa sumaku. "Ukimaliza, niletee."

Akaitia kwenye mkoba wake wa madaftari, akapiga kiki, akaondoka taratibu, amekaa wima.