Ng'ambo

Mjomba alinipigia simu nikiwa nimesimama nje ya Kanisa Kuu la Southwark, London, nikisubiri matembezi yaanze. Amepatikana mnunuzi wa nyumba ya bibi, Mwembetanga. Anataka kuivunja ajenge nyumba ya wageni, na bei anayotoa ni nzuri.

"Wewe ndiye unayesomea mambo ya miji," akasema. "Unatushauri nini?"

Nikamwomba anipe mpaka jioni.

Mtembezaji wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mzee mwembamba mwenye mwavuli mwekundu aliouinua juu ili tusimpoteze. Tulikuwa watu 12 hivi, wengi watalii. Mimi nilikuja na daftari, kwa sababu shahada yangu ya uzamili inahusu uhifadhi wa miji ya zamani, na ukingo huu wa kusini wa Mto Thames unatajwa katika kila semina kama mfano wa eneo lililofufuliwa na sanaa. Kabla ya lolote, mzee alituambia tugeuke tutazame upande wa pili wa mto. Kule, alisema, ndiko kulikokuwa na mji, sheria na fedha. Huku kulikuwa ng'ambo.

Yeye hakusema "ng'ambo", bila shaka. Neno hilo nililitia mwenyewe. Kwa Waswahili wengi ng'ambo ni ughaibuni, na mimi naitwa mtu aliyekwenda ng'ambo kusoma. Lakini kwetu Unguja, Ng'ambo ni mahali. Ni upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na mitaa ya watumwa na waliokuwa watumwa, vibarua, mafundi na wahamiaji kutoka bara. Maji yale yalifukiwa zamani, yakabaki majina tu. Hadi leo tunakwenda sokoni Darajani, na daraja halipo.

Tukaingia uchochoroni, tukapita mabaki ya kasri la maaskofu wa Winchester. Hapo mzee alieleza jambo lililonifanya niache kuandika nikasikiliza. Wakuu wa Jiji la London hawakupenda tamthilia. Waliziona ni chanzo cha fujo, maradhi na uvivu. Lakini sehemu hii ya kusini ilikuwa chini ya askofu, na amri zao hazikufika. Askofu naye alikusanya kodi kutoka kwa madanguro yaliyokuwa katika ardhi yake. Basi vyote ambavyo mji haukutaka kuviona vilivuka mto: madanguro, mapigano ya dubu na mbwa, na majukwaa ya maigizo. Rose lilijengwa 1587, Globe 1599. Mahali alipoigizia na kuandikia Shakespeare palichaguliwa kwa sababu palikuwa uchafuni, nje ya mkono wa sheria.

Nilimkumbuka Siti binti Saad. Alitoka kijijini Fumba, akaingia mjini karibu na 1911, akakaa Ng'ambo. Taarabu iliyokuwa ikipigwa katika majumba ya Sultani kwa Kiarabu, yeye na wenzake waliiimba kwa Kiswahili, wakaingiza humo mahakama zinazopendelea na wanaume wanaodhulumu wanawake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Leo mtalii anayesikia taarabu mara nyingi huisikia ndani ya Mji Mkongwe, katika hoteli, na hakuna anayemwambia muziki ule ulivukaje.

Globe tunayoiona sasa si ile. Ya kwanza iliungua 1613 baada ya cheche za mzinga kushika paa la nyasi, na iliyofuata ilifungwa 1642 pamoja na kumbi nyingine zote. Hii ilifunguliwa 1997, kwa juhudi za mwigizaji wa Kimarekani, Sam Wanamaker, aliyefariki kabla haijaisha. Hapa, Aprili 2012, kundi kutoka Kenya lilicheza *The Merry Wives of Windsor* kwa Kiswahili, katika tamasha la tamthilia 37 kwa lugha 37. Nilimweleza mzee. Akasema alikuwepo, alisimama uwanjani, hakuelewa hata neno moja, na alicheka mpaka akaumwa mbavu.

Hatua chache mbele ni Tate Modern, iliyokuwa mtambo wa umeme hadi 1981. Ilifunguliwa Mei 2000. Mwaka huohuo UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe wa Zanzibar katika Urithi wa Dunia. Ng'ambo ilibaki nje ya mstari. Humo nilikulia, na sikuwahi kuona kibao kinachoeleza historia ya mtaa wetu.

Nilidhani matembezi yangeishia pale, kwenye ushindi wa sanaa. Mzee akatupeleka mbele zaidi, mpaka Coin Street. Wakazi wa eneo hili, alisema, walikuwa wapatao 50,000 mwanzoni mwa karne ya 20; kufika miaka ya 1970 walibaki kama 4,000. Wawekezaji walitaka kujenga ofisi na hoteli. Waliobaki wakakataa. Walihudhuria mikutano, wakabishana katika mabaraza ya uchunguzi, wakachora mpango wao wenyewe. Mwaka 1984 Halmashauri Kuu ya London iliwauzia ardhi hiyo, ekari 13, kwa pauni milioni moja. Bei ilikuwa chini kwa sababu ardhi ilifungwa kwa masharti: isitumike kwa ofisi kubwa, ijengwe nyumba za watu wa kipato cha kawaida. Zikaanzishwa nyumba za ushirika, na kila moja ikapewa jina la mti. Mwisho tulisimama mbele ya ile iliyokamilika 2001. Inaitwa Iroko.

Ilinichukua muda kutambua kwamba iroko ni mvule. Mbao ileile ya milango yetu na majahazi yetu.

Hapo nilielewa kilichokuwa kikinisumbua tangu asubuhi. Sanaa hufuata ng'ambo kwa sababu ng'ambo ni rahisi na haiangaliwi sana. Ikishapapendezesha, mahali hupanda bei, na aliyekuwepo huondoka. Hapa wachache walibaki, na sanaa haikuhusika na kubaki kwao. Walibaki kwa sababu walishika ardhi kwa pamoja, kwa maandishi. Kwetu, baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba kadhaa za Ng'ambo zilivunjwa kupisha majumba ya Michenzani. Sasa zinaweza kwenda moja moja, kwa hiari, kwa bei nzuri.

Sikuwa na jibu la kitaalamu la kumpa mjomba. Ana watoto wanaosoma, na paa la nyumba ile linavuja. Jioni nilimpigia, nikamsimulia habari za Coin Street. Alisikiliza kwa subira, kisha akasema hayo ni mambo ya Ulaya.

"Bibi mwenyewe amesemaje?" nikauliza.

Kimya.

"Bado hatujamuuliza," akasema.