Mwenye Kisu Kikali

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, nikaichomeka katika insha zangu, nikapata alama, wala sikuwahi kujiuliza kama ni kweli. Aliyenifanya nijiulize ni mjomba wangu, mtu aliyechuna ngozi za wanyama miaka ishirini na kitu katika kambi za uwindaji wa kitalii, magharibi mwa Tanzania.

Nilipokwenda kumsalimu mara ya mwisho nilimpelekea zawadi. Nilikuwa nimenunua kisu mjini, kisu hasa: kirefu kama mkono wa mtoto, kinang'aa, kina meno ya msumeno mgongoni na ala nyeusi yenye vifungo viwili. Mjomba akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakigeuzageuza. Halafu akacheka mpaka akakohoa.

"Mjomba," akaniambia, maana na yeye huniita hivyo hivyo, "hiki umenunua cha kupigia picha. Hiki kitapasua utumbo kabla hujamaliza kusema bismillahi."

Akaingia ndani, akatoka na chake. Ubapa wake haukuzidi urefu wa kidole cha kati. Mpini ni wa mti, umelainika kwa jasho. Kilifuliwa na mhunzi wa kijijini kutokana na springi ya gari. Hapo ndipo darasa lilipoanza, nami nikatoa daftari.

Kisu cha kuchunia, alisema, kiwe kifupi ili kidole cha shahada kifike karibu na ncha, kwa sababu ndani ya tumbo la mnyama huoni, unapapasa. Ncha yake ishuke kidogo kutoka usawa wa mgongo, isichongoke ikielekea juu, la sivyo itatoboa utumbo, na utumbo ukipasuka nyama imeharibika. Makali yabinuke kama mwezi mchanga, maana ngozi haikatwi kwa kusukuma ncha, hutenganishwa na nyama kwa kufagia na lile tumbo la kisu. Chuma kipite ndani ya mpini mpaka mwisho. Mpini usiwe na nakshi nyingi: damu na mafuta hujificha humo na kuoza. Wala usiwe laini kama kioo, mkono wenye mafuta utateleza ujikate mwenyewe. Na ukisha kutoboa ngozi, kata kutoka ndani kwenda nje. Ukikata kutoka nje unakata manyoya, na manyoya yamejaa mchanga. Nyati mmoja tu atakimaliza kisu chako makali.

"Na chuma chenyewe?" nikauliza.

"Hapo sasa ndipo penye kazi," akasema. Chuma kisichoshika kutu hakisumbui kukitunza, lakini vingine ni vigumu kunoa ukiwa porini na kinoo kimoja. Chuma cha springi hushika kutu usipokifuta, ila hunoleka upesi. Kikiwa kigumu mno kitamegeka kwenye mfupa, kikiwa laini mno kitalala. "Huwezi kupata vyote. Unachagua upungufu utakaouvumilia."

Maneno hayo nilirudi nayo mjini, nikaanza kusoma. Kumbe, ndugu msomaji, swali la mjomba ni la zamani kuliko binadamu wa namna yetu!

Mwaka 1959, katika Bonde la Oldupai, Mary Leakey aligundua fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus. Mahali hapo palikuwa na mifupa mingi ya wanyama pamoja na mawe yaliyochongwa, vyote vya miaka inayokaribia milioni 1.8. Mwaka 1981 wataalamu walitangaza kwamba baadhi ya mifupa ya Oldupai ina mikwaruzo iliyoachwa na makali ya mawe. Yaani kuna mtu, au tuseme babu wa mtu, aliyeketi pale akatenganisha nyama na mfupa. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wachongaji wale hawakuokota jiwe lolote tu. Kwarzaiti ilitoa makali makubwa zaidi lakini ikawahi kuwa butu; mawe ya volkano yalikuwa na makali kidogo lakini yakadumu. Wao wakachagua kulingana na kazi. Mjomba hajawahi kufika Oldupai, lakini angeketi na watu wale wangeelewana.

Baadaye sana likaja chuma, na hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hatulijui. Tumezoea kudhani chuma kizuri kilishuka melini. Si kweli. Kule Buhaya, magharibi mwa Ziwa Nyanza, watu waliyeyusha chuma tangu zamani sana. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokuwa wakiikumbuka kazi hiyo walijenga tanuri upya mbele ya mtafiti Peter Schmidt, wakavukuta, wakapata chuma chenye kaboni, yaani kile kinachoshika makali. Ufipa walikuwa na tanuri ndefu kupita urefu wa mtu. Wapare waliyeyusha chuma ambacho wahunzi wa Kichaga walikinunua na kukifua. Na katika karne ya 12, mwanajiografia al-Idrisi aliandika habari za chuma cha pwani yetu, akasema cha Sofala kilipelekwa India na kuthaminiwa huko. Panga za India, bwana, zikiwa na chuma cha huku!

Hata asiyeyeyusha chuma hakukosa kisu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao ni wasasi hasa, hawakuwa na tanuri. Walipata visu na vyembe vyao kwa Wadatoga, kwa kubadilishana na asali na nyama. Mchunaji na mhunzi walihitajiana.

Kisha chuma cha Ulaya kikaja kwa wingi na kwa bei rahisi, matanuri yakazimika moja baada ya jingine. Lakini mhunzi hakufa. Aligeukia vyuma chakavu, na magari yalipoingia akagundua kwamba springi ni chuma cha pua chema kabisa. Kisu cha mjomba kimezaliwa hapo.

Sasa turudi kwenye methali yetu. Je, mwenye kisu kikali alikula nyama?

Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji: vibali vikawekwa, na sehemu zikatengwa ambamo wanyama wasiguswe. Palikuwa na sababu, maana tembo walikuwa wakiteketezwa kwa ajili ya pembe. Lakini kuanzia hapo nyama ilianza kufuata karatasi, haikufuata kisu tena. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Wawili hao waliua wanyama 512, na msafara ukapeleka kwenye makumbusho ya Smithsonian vielelezo zaidi ya 11,000, kuanzia tembo mpaka panya na mimea. Walibeba tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Hebu fikiri: chumvi haichuni. Kila ngozi ile ilipitia chini ya kisu cha mtu aliyeinama juani, nzi usoni, akikimbizana na uozo. Wataalamu watatu waliofuatana na msafara majina yao yako vitabuni. Wachunaji wengi wa Kiafrika walibaki "wachunaji" basi.

Mjomba naye ni wa ukoo huo. Alinieleza jinsi alivyokuwa akikimbia na kisu mkononi kila risasi inapolia, ili amwahi mnyama na kumchinja angali na roho, nyama iwe halali kwa Waislamu wa kambini. Kisha picha inapigwa: mgeni, bunduki, pofu aliyelazwa vizuri, damu imepanguswa. Aliyepangusa ni yeye. Katika picha hayumo. Ngozi na pembe huenda ng'ambo, yeye hubaki na mshahara na fungu la nyama.

Uwindaji ulipigwa marufuku Tanzania mwaka 1973, ukafunguliwa tena 1978. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1974 ilifuatwa na nyingine ya 2009. Mimi sisemi sheria zifutwe. Bila hizo leo tungekuwa tunasimulia tembo kama tunavyosimulia mazimwi. Nasema tu kwamba kisu kile kile kina maisha mawili. Kambini ni zana ya kazi. Ndani ya hifadhi ya taifa, bila kibali, ni silaha, na mtu hushtakiwa kwa kukutwa nacho. Kijana mmoja wa jirani na mjomba, aliyefundishwa kuchuna na mjomba mwenyewe, alikamatwa ndani ya mpaka akiwa na kisu na nyaya za mitego. Alitoka gerezani amekonda na hasemi na watu. Mjomba akitaja habari hiyo huangalia chini. "Nilimfundisha mkono," aliniambia, "sikumfundisha wapi pa kuutumia. Na kazi yenyewe sikuwa na uwezo wa kumpa."

Mwaka 2020 serikali ilitoa kanuni za kuuza nyamapori katika mabucha. Kwa hiyo leo mtu wa mjini mwenye fedha anaweza kula nyamapori kihalali bila kujua kisu kinashikwaje. Naam, ameila nyama, na kisu hana.

Siku ya kuondoka nilimwomba mjomba anipe kile kisu chake. Akakataa. Akasema kisu hakirithiwi na asiyekuwa na kazi nacho. Kikikaa kabatini kitakufa kwa kutu. Alinipa kazi nyingine: niandike majina. Akanitajia wachunaji kumi na mmoja aliofanya nao kazi, mmoja mmoja, na kijiji cha kila mmoja. Wanane wameshafariki. Majina hayo siyaweki hapa, nitawapelekea kwanza jamaa zao, maana ni mali yao. Lakini yako katika daftari langu, ukurasa unaofuata ule wenye mchoro wa kisu.

Zawadi yangu ya mjini ipo bado kwake. Shangazi huitumia kukatia mkate, kwa yale meno ya mgongoni.